KUPIMA ALKOHOLI CHINI YA KANIENEO KUBWA: SOMO KUTOKA ISIOLO

1.0 Utangulizi

Mpishi aliyezoea kupika maharagwe Lamu akihamia Isiolo hugundua jambo moja mapema: maharagwe yale yale, kwa moto ule ule, hukawia kuiva. Aghalabu lawama huangukia kuni au mbegu, lakini sababu hasa ni hewa. Mji wa Isiolo umekaa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kaskazini mwa Mlima Kenya, na hewa inayoukandamiza ni pungufu kuliko ile ya pwani. Maji ya Lamu huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ya Isiolo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Maharagwe ya Isiolo basi hupikwa katika maji yachemkayo lakini yasiyo moto kama ya Lamu.

Mfano huu mdogo wa jikoni unabeba kanuni kubwa: tabia ya kimiminika haitegemei joto pekee, bali pia nguvu inayokibana. Makala haya yananuia kueleza kanuni hiyo kwa kuangalia jamii moja ya vimiminika, yaani alkoholi, na kuonyesha jinsi wanasayansi walivyopima tabia zake zinapobanwa kwa nguvu inayozidi ile ya hewa mara maelfu.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani na vipimo vya alkoholi? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, lugha isiyoweza kueleza jambo la namna hii kwa usahihi haiwezi kudai kwamba imekamilika kama lugha ya elimu. Pili, na hili ndilo zito zaidi, hapa Kenya watu wamepoteza macho na maisha kwa sababu vimiminika viwili tofauti vilikwenda kwa jina moja. Tutalirejelea suala hilo baadaye. Kwanza hatuna budi kutengeneza zana zetu, nazo ni maneno.

2.0 Suala la Istilahi

Neno la kwanza ni lile linalotaja nguvu ya kubana. Katika mazungumzo ya kila siku Mkenya husema "presha", na mara nyingi humaanisha ugonjwa. Magazeti na vitabu vya Kenya hutumia "shinikizo", kama katika "shinikizo la damu", neno ambalo pia hubeba maana ya kisiasa. Vitabu vya sayansi vya shule za msingi nchini Tanzania, ambako somo hilo hufundishwa kwa Kiswahili, vimezoea "kanieneo". Makala haya yanalichagua hilo la mwisho, kwa sababu neno lenyewe ni fasili. Limeundwa kwa "kani", yaani nguvu inayosukuma au kuvuta, na "eneo". Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo inaloliangukia. Mwanafunzi akilivunja neno, amekwisha kuipata kanuni. Ni vigumu kudai sifa hiyo kwa "presha".

Neno la pili ni "halijoto". Kiswahili cha kawaida hutumia "joto" kwa mambo mawili: nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi, na kiwango tunachokisoma kwenye kipimajoto. Anayesoma sayansi hawezi kuyachanganya haya. Birika la maji na kikombe kilichojazwa kutoka birika hilo vina halijoto moja, lakini joto lililomo katika birika ni kubwa zaidi. "Joto" libaki kuwa nishati. "Halijoto" iwe hali yake.

Neno la tatu ni "alkoholi" lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, al-kuhl, ambao ni wanja, ule unga mweusi laini wanaojipaka wanawake machoni, Isiolo kama ilivyo kote katika ulimwengu wa Kiislamu. Wanakemia wa Ulaya walilichukua neno hilo kwa maana ya unga laini kabisa, kisha likapanuka kumaanisha kiini cha kitu kilichosafishwa, na hatimaye likatua kwenye kiini cha mvinyo. Leo, katika kemia, alkoholi si kitu kimoja. Ni ukoo. Mdogo wao ni methanoli, yenye atomu moja ya kaboni. Anayefuata ni ethanoli, yenye mbili. Kisha propanoli, yenye tatu. Na ukoo unaendelea. Ethanoli ndiyo iliyomo katika pombe zote zinywewazo. Methanoli hutumika viwandani, kwa mfano katika kutengenezea gundi na viyeyushi vya rangi, nayo ni sumu.

3.0 Pipa Lililojazwa Pomoni

Turudi Isiolo. Alfajiri mjini hapo halijoto huweza kuwa nyuzi 17. Mchana hupita 30, na chuma kilichoachwa juani hupata moto zaidi ya hewa inayokizunguka. Tuchukulie kwamba pipa la lita 200 za ethanoli limeshushwa kutoka kwenye lori alfajiri, likaachwa uani hadi alasiri, na kimiminika kilichomo kikapanda kutoka nyuzi 17 hadi 37.

Ethanoli hutanuka upesi. Kwa kila nyuzi moja ujazo wake huongezeka kwa takriban sehemu 1.1 katika 1,000, ambayo ni kama mara tano ya maji katika halijoto ya kawaida. Kwa nyuzi 20, lita 200 zitakuwa zimeongezeka kwa lita nne na zaidi. Kama kifuniko kimelegea, lita hizo zitamwagika. Kama mwenye pipa anauza kwa kipimo cha lita, mnunuzi wa mchana atalipia lita 100 na kuchukua maada iliyo pungufu kwa zaidi ya asilimia 2 kuliko ile aliyoichukua mnunuzi wa alfajiri. Hakuna aliyemwibia mwenziwe. Lita ndiyo iliyobadilika maana.

Lakini je, kama pipa limejazwa pomoni na kufungwa kabisa? Hapo kimiminika kinataka kutanuka na hakina pa kwenda. Hesabu yake ni rahisi: tunagawanya kiasi ambacho ethanoli hutanuka kwa nyuzi moja kwa kiasi ambacho hubanika kwa kila kipimo cha kanieneo. Tuiite kanieneo ya hewa kwenye usawa wa bahari "angahewa moja". Jibu linalopatikana ni kwamba, ndani ya chombo kisichonyumbuka hata kidogo, kila nyuzi moja ya halijoto huongeza kanieneo kwa takriban angahewa 9. Tairi la lori zito hujazwa upepo wa angahewa 8 hivi. Yaani nyuzi moja tu ya jua la asubuhi inatosha kulitia pipa kanieneo inayozidi ile ya tairi la lori. Nyuzi tano zinalitia zaidi ya mara tano. Pipa la kweli litavimba kwanza, na kwa kuvimba litapunguza kanieneo hiyo, lakini mshono wake una kikomo. Ndiyo maana mapipa na matangi ya vimiminika vya aina hii hayajazwi hadi mdomoni: huachwa nafasi ya hewa juu, kwa kuwa hewa hubanika kwa urahisi na kuvipa vimiminika pa kutanukia.

Msomaji atambue tulichokifanya. Hatukupima kanieneo ndani ya pipa. Tulichukua sifa mbili zilizokwisha kupimwa, mtanuko na mbaniko, tukaipata ya tatu kwa hesabu. Huo ndio uzuri wa taaluma inayoitwa thamodinamiki, yaani elimu ya joto, kazi na nishati: sifa za maada zimefungamana, na anayezijua chache kwa usahihi anaweza kuzikokotoa nyingi. Swali linalobaki ni hili: hizo chache zilipimwaje?

4.0 Namna ya Kupima

4.1 Kubana na kusoma ujazo

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba vimiminika havibaniki kabisa. Mwingereza John Canton alionyesha mwaka 1762 kwamba maji hubanika, ingawa kwa kiasi kidogo mno, na mwaka 1764 akatoa matokeo ya vimiminika vingine, kikiwamo kile kilichoitwa siku hizo roho ya mvinyo, yaani ethanoli. Aligundua jambo la kushangaza: maji hubanika zaidi wakati wa baridi kuliko wakati wa joto, ilhali roho ya mvinyo hufanya kinyume. Tangu mwanzo, basi, kanieneo ilifichua kwamba vimiminika viwili vinavyofanana kwa macho vina tabia zinazopingana.

Katika karne ya 19 Mfaransa Émile Amagat alifika angahewa 3,000, na matokeo yake ya mwaka 1893 yalihusisha alkoholi kadhaa. Hatua kubwa zaidi ilipigwa na Mmarekani Percy Bridgman wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1913 alichapisha vipimo vya vimiminika 12, vitano kati yavyo vikiwa alkoholi, katika halijoto ya kati ya nyuzi 20 na 80, kwa kanieneo ya hadi kilogramu 12,000 kwa kila sentimita mraba. Hiyo ni karibu angahewa 12,000. Mwaka 1946 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi yake ya kanieneo kubwa.

Tatizo la kwanza la mpimaji ni uvujaji. Kimiminika kikibanwa kwa nguvu kiasi hicho hupenya katika upenyo wowote kati ya silinda na pistoni inayokisukuma. Bridgman alibuni kizibo ambacho eneo lake linalobeba mzigo ni dogo kuliko lile linalosukumwa na kimiminika. Turejee fasili yetu: kani ile ile ikigawanywa kwa eneo dogo zaidi hutoa kanieneo kubwa zaidi. Kwa hivyo kizibo hubanwa daima kwa kanieneo inayozidi ile ya kimiminika, na kadiri kimiminika kinavyotaka kutoka ndivyo kizibo kinavyozidi kukaza. Hapa pia msomaji wa Kiswahili ana nafuu, kwani siri ya kifaa kizima imo ndani ya neno "kanieneo".

Tatizo la pili ni kujua kanieneo yenyewe ni kiasi gani. Bridgman alitumia waya wa aloi iitwayo manganini. Ukinzani wa waya huo dhidi ya umeme huongezeka kidogo kadiri unavyobanwa, karibu asilimia 3 kwa angahewa 12,000, huku ukiathiriwa kidogo sana na halijoto. Kipimo kama hicho huhitaji kulinganishwa na alama isiyobadilika, na alama moja maarufu ni zebaki: katika nyuzi 0, ambapo kwa kawaida zebaki ni kimiminika, huganda ikifikia takriban angahewa 7,500.

Tatizo la tatu ni chombo. Silinda ya chuma nayo hutanuka inapobeba kanieneo. Mpimaji akisoma umbali ambao pistoni imesogea, sehemu ya umbali huo inatokana na kimiminika kubanika na sehemu nyingine inatokana na chuma kunyumbuka. Asipotoa hiyo ya pili, ataipa alkoholi sifa ambayo ni ya chuma.

4.2 Kusikiliza sauti

Njia nyingine, inayotumika sana siku hizi, haiangalii pistoni bali hupima mwendo wa sauti. Mpigo mfupi wa sauti, wenye marudio yaliyo juu mno kwa sikio la binadamu, hupelekwa ndani ya kimiminika na muda wake wa kusafiri hupimwa. Sauti husafiri kwa kubana na kuachia. Kimiminika kigumu kubanika huipitisha upesi. Katika ethanoli ya nyuzi 25 chini ya angahewa moja, sauti hukimbia takriban mita 1,144 kwa sekunde. Ikibanwa kwa angahewa 1,000, mwendo huo hupita mita 1,500. Muda ukiwa kitu kinachoweza kupimwa kwa usahihi mkubwa sana, mtafiti aliye na mwendo wa sauti katika kanieneo na halijoto nyingi, pamoja na densiti na uwezo wa kutunza joto katika angahewa moja, huweza kukokotoa densiti, mbaniko na uwezo huo katika kanieneo zote alizozipitia.

Njia ya tatu hutumia bomba jembamba lililokunjwa na kutikiswa. Bomba lenye kimiminika kizito hutetema polepole kuliko lenye kimiminika chepesi, na kutokana na mtetemo huo densiti hupatikana moja kwa moja.

5.0 Vipimo Vinasema Nini?

Yeyote aliyeona mbuzi wakipakiwa kwenye lori Isiolo kwa safari ya Nairobi anaweza kuyaelewa matokeo. Mbuzi wa kwanza huingia kwa urahisi, maana nafasi ni nyingi. Baadaye wapakizi husukuma, na mbuzi walio ndani husogea na kuziba mianya. Mwishowe hakuna mwanya uliobaki. Kuongeza mmoja kunadai nguvu kubwa kuliko iliyotumika kwa kumi wa mwanzo.

Ethanoli ni vivyo hivyo. Angahewa 1,000 za kwanza huupunguza ujazo wake kwa kati ya asilimia 7 na 8. Kama ingeendelea kwa kadiri hiyo, angahewa 12,000 zingeimaliza karibu yote. Sivyo inavyokuwa: kwenye angahewa 12,000 imepungua kwa karibu robo tu. Mianya baina ya molekuli ndiyo huisha kwanza. Baada ya hapo ni molekuli zenyewe zinazobanwa, nazo ni ngumu. Mtanuko kwa joto pia hushuka mara kadhaa, kwani molekuli zilizobanana hazina pa kuchezea.

Alkoholi zina jambo la ziada. Kila molekuli ina kundi la oksijeni na hidrojeni linaloishika jirani yake kwa kifungo chepesi, mithili ya mbuzi waliofungwa kamba wawili wawili. Vifungo hivi hukatika na kufungika upya bila kukoma, na huitikia halijoto na kanieneo kwa namna inayotatiza hesabu rahisi. Ndiyo maana alkoholi haziwezi kukadiriwa tu kutokana na vimiminika vingine. Lazima zipimwe, moja baada ya nyingine. Vipimo hivyo si anasa ya maabara pia. Kenya iliwahi kuchanganya ethanoli ya miwa na petroli katika miaka ya 1980, na nchi nyingi hufanya hivyo leo. Mhandisi wa injini inayorusha mafuta kwa kanieneo ya mamia ya angahewa hana budi kujua mafuta hayo yatabanika kiasi gani kabla hayajatoka mdomoni mwa bomba.

6.0 Ndugu Wawili, Jina Moja

Sasa turejelee suala tuliloliahirisha. Mnamo Novemba 2000, jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walifariki baada ya kunywa pombe haramu iliyokuwa na methanoli. Mei 2014, makumi walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwamo Embu, Kitui na Kiambu. Februari 2024 yakatokea tena Kirinyaga, watu zaidi ya kumi wakafa. Wengine waliopona walibaki vipofu, kwa kuwa mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu neva za macho.

Kwa nini ni vigumu kuitambua? Tutazame vipimo. Kwenye nyuzi 20, lita moja ya ethanoli ina gramu 789. Ya methanoli ina gramu 791 hivi. Kipimo cha kuelea kinachotumiwa kupima ukali wa pombe hakiwezi kuzitenganisha. Zote mbili hazina rangi, zote huwaka, zote hulevya. Viwango vyake vya kuchemka vinatofautiana: nyuzi 64.7 kwa methanoli na 78.3 kwa ethanoli kwenye usawa wa bahari, na kama nyuzi tatu chini ya hapo Isiolo. Lakini mchanganyiko wa hizo mbili hauchemki mara mbili, kila mmoja kwa zamu yake. Huchemka katika kiwango cha katikati, mivuke ikiwa imeshikana. Anayeamini kwamba kumwaga matone ya kwanza kunaondoa sumu yote anajidanganya, hasa iwapo methanoli ilitiwa kwa makusudi baada ya kupika. Jibu la uhakika hutolewa na maabara pekee.

Chini ya kanieneo kubwa, hata hivyo, ndugu hawa hutengana waziwazi. Katika halijoto ya chumba ethanoli huganda kwenye takriban angahewa 19,000; methanoli huhitaji karibu maradufu. Tena kuna ajabu nyingine: sehemu nne za methanoli zikichanganywa na moja ya ethanoli, mchanganyiko hubaki kimiminika hadi karibu angahewa 100,000, kwa sababu kila mmoja humzuia mwenziwe kupanga safu za kuganda. Tangu miaka ya 1970 watafiti wanaobana vitu kati ya almasi mbili wameutumia mchanganyiko huo kueneza kanieneo sawasawa pande zote. Mchanganyiko unaoua katika bilauri ni mtumishi mwaminifu katika maabara. Tofauti imo katika kujua ni nini hasa kilichomo na kwa kiasi gani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba alkoholi hubanika, kwamba kubanika huko hupimwa kwa pistoni, kwa sauti na kwa mtetemo, na kwamba kutokana na vipimo vichache sifa nyingi hukokotolewa. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili kina maneno ya kulisema hilo, na kwamba baadhi ya maneno hayo hufundisha kuliko yale tuliyoyaazima. Kinachokosekana ni makubaliano na mazoea. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ichapishe Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, istilahi zimekuwapo rafuni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi. Istilahi haziishi rafuni wala katika katiba, huishi zinapotumika.

Kwa hiyo tunapendekeza mahali pa kuanzia palipo padogo sana: kibandiko cha pipa. Mapipa mengi yapitayo katika barabara ya Isiolo yana maonyo kwa lugha ambayo wengi wa wanaoyapakua hawaisomi. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuyaandika hivi: "Methanoli. Si ethanoli. Ni sumu, usinywe wala usichanganye na kinywaji. Usijaze pomoni, hutanuka kwa joto." Ni sentensi fupi. Nyuma yake pana kazi ya kupima ya zaidi ya miaka 250, na mbele yake pana mtu anayetaka kurudi nyumbani akiwa na macho yake.